Ondoa Dirisha Kwanza: Namna Nilivyouelewa Muundo wa MVC katika Java

Programu yangu ya kwanza ya Java yenye dirisha niliiandika hapa Tabora, kwa ajili ya mnunuzi wa asali aliyechoka kuandika mapokezi katika daftari. Karani aliingiza uzito wa ndoo, akabofya kitufe, na programu ikatoa uzito wa ndoo tupu kisha ikazidisha kilo zilizobaki kwa bei. Hesabu hiyo yote niliiweka ndani ya kitufe. Mnunuzi alipoomba jedwali la jumla ya siku, niliinakili humo. Na alipoanza kutumia ndoo nyepesi zaidi, nilirekebisha jedwali nikasahau kitufe, hivyo risiti zikaendelea kumkata mfugaji nyuki uzito wa ndoo ya zamani. Kumpunja mtu jasho lake kuliniuma sana.

Muundo wa MVC (Model-View-Controller, yaani modeli, mwonekano na kidhibiti), aliouasisi Mnorwe Trygve Reenskaug mwaka 1979 akiwa Xerox PARC, kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox, unazuia kosa la namna hiyo. Modeli hutunza data na kanuni, mwonekano huonyesha, na kidhibiti hupokea tendo la mtumiaji na kulipeleka kwa modeli.

Ushauri wangu ni kuanza na modeli peke yake. Klasi ya Pokezi, ambayo ndiyo modeli yetu, isiwe na mstari hata mmoja wa javax.swing (Swing, maktaba ya Java ya kutengenezea madirisha), na uiendeshe kwa main fupi, yaani sehemu inayoanzisha programu, isiyofungua dirisha lolote: ndoo iliyojaa ina kilo 29, tupu ina kilo 1, basi jibu liwe 28. Ikishindikana kuiendesha hivyo, hesabu yako bado imeshikamana na kioo. Mwonekano nao utajuaje kwamba data imebadilika? Modeli hutunza orodha ya wasikilizaji wanaotekeleza intafesi moja, yaani mkataba wa mbinu ambazo kila mmoja lazima awe nazo, na kila badiliko huwaarifu wote bila kujua kama ni jedwali au risiti.

Usihangaike ukikuta kwamba Swing yenyewe huunganisha mwonekano na kidhibiti ndani ya vipengele vyake; jambo hilo lilinichanganya kwa muda mrefu, ilhali JTable, kipengele chake cha jedwali, bado husoma data kutoka modeli iliyo kando.

Panapobaki ugumu ni ukaguzi wa makosa. Karani akiandika herufi mahali pa namba, kidhibiti ndicho kinachopaswa kumrudisha, kwa kuwa modeli haipokei maandishi ghafi. Lakini uzito ulio mdogo kuliko wa ndoo tupu lazima ukataliwe na modeli yenyewe, kwani kesho mapokezi yanaweza kusomwa kutoka faili, pasipo kitufe wala karani.