Breka Haikukata, Waya Ukaungua

Dada mmoja anayejenga Kamulu ameniandikia: "Fundi anasema kebo ya 6 mm inatosha kutoka kwa mita ya stima hadi ndani ya nyumba. Nikubali?" Niliusoma ujumbe huo mara tatu. Maneno hayo hayo niliambiwa mimi, na mtu niliyekuwa nimemwandalia chai kwa mikono yangu.

Nyumba yetu iko Ruai. Mita ya tokeni iko kwenye ukuta wa geti, sanduku la breka liko koridoni, na kati yake waya unapita ndani ya paipu, mita 38. Kazi alipewa shemeji yangu. Ni fundi, ni ndugu, na ukimnyima unaambiwa una madharau. Mambo ya msingi, lenta na mabati nayaruka. Aliyejenga anayajua machungu yake.

Shemeji alivuta 6 mm ya shaba (hizo ni milimita za mraba, ukubwa wa waya ukiukata), akafunga breka ya ampea 60 pale getini, yaani swichi inayokata stima mkondo ukizidi hapo. Nilipomuuliza mbona jirani ametumia waya mnene kuliko wetu, alicheka. "Mama Baraka, wewe shughulika na rangi ya matailesi."

Miaka miwili ikapita salama. Kisha Krismasi ikaja na watu kumi na wanne. Shawa mbili za stima zinawaka pamoja tangu alfajiri, mama mkwe ana birika lake, na kuna kijana anayepiga pasi hata soksi. Taa zilikuwa zikififia shawa ya pili ikiwashwa, nasi tukafanya mzaha. Siku ya tatu nikasikia harufu ya plastiki inayoungua. Nilidhani mtoto ametupa kijiko motoni. Nilipofungua sanduku, swichi kuu ilikuwa nyeusi upande mmoja na ganda la waya limeyeyuka kama nta. Na breka ya getini? Imesimama tu, haijakata kitu.

Hilo ndilo lililoniumiza kichwa. Si breka ni ya kutulinda?

Aliyenifumbua macho ni binti mmoja fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, aliyefika tarehe 27 na kuandika hesabu nyuma ya pakiti ya unga. Shawa mbili za wati 5,500, birika 2,000, pasi 1,000: jumla 14,000. Gawanya kwa volti 240, unapata ampea 58. Breka ya 60 inaona kila kitu kiko sawa. Lakini 6 mm ndani ya paipu hubeba kama ampea 41 hivi. Breka ilikuwa inalinda waya mnene ambao haukuwepo! Na joto halipandi polepole: mkondo ukiwa mara mbili, joto kwenye waya huwa mara nne. Penye skurubu iliyolegea ndipo panapoungua kwanza, na yangu ilikuwa imelegea.

Kwa hiyo mpangilio ni huu: matumizi yako yawe chini ya breka, na breka iwe chini ya uwezo wa waya. Ukipindua hapo, umejenga jiko ndani ya ukuta.

Halafu kuna umbali. Kwa mita zangu 38, 6 mm ilikuwa inakula karibu volti 16 njiani, ndiyo maana taa zilififia. Tulivuta 16 mm, inayobeba kama ampea 76 kwenye paipu, na sasa zinapotea 6 tu. Binti yule alisema tusipoteze zaidi ya asilimia 5, yaani volti 12. Nilinunua kebo mwenyewe kwenye maduka ya barabara ya Luthuli, Nairobi, nikakwangua ncha dukani kuhakikisha ni shaba hadi ndani. Muuzaji alininunia. Anune.

Siku hizi majirani huniita injinia, na sikatai. Shemeji hajawahi kusema pole, alisema "wageni walikuwa wengi." Ndugu zangu, nyumba ni ya kupokea wageni! Tunalipia matailesi ya kung'aa, kisha tunabania waya ambao hakuna mgeni atakayeusifu. Rahisi huvunja upishi. Hesabu kabla ya kuvuta. Usione haya kumuuliza fundi, hata akiwa ndugu, hata akicheka. Hasa akicheka.

Sasa wewe wa Kamulu. Umesema mita yako iko mbali, kama mita 60. Kwa mzigo kama wangu, 10 mm ingekula volti 15, nyingi mno, na yenyewe kwenye paipu haifikishi ampea 60. 16 mm itakula karibu 10. Ila kama shawa ni moja tu, mzigo unashuka hadi ampea 35 hivi na hesabu inabadilika, breka pia. Niandikie una shawa ngapi, na waya unapita wapi.