Wasomaji Wanauliza: Korongo Lenye Daraja la Mwamba

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na wenzangu tunapanga kutembelea korongo ambalo kijito chake kinapita chini ya daraja la mwamba lisilojengwa na binadamu. Je, daraja la namna hiyo hutokeaje, na kuna hatari gani kushuka hadi majini iwapo hakuna mvua?

JIBU: Ndugu msomaji, madaraja haya hayana chanzo kimoja. Lile la Virginia, Marekani, lenye kimo cha takriban mita 66, ni la mawe ya chokaa: maji yaliuyeyusha mwamba taratibu na kujifungulia njia chini ya ardhi, na paa la njia hiyo lilipoporomoka, kipande kilichosalia ndicho daraja. Juu yake inapita barabara ya magari, jambo ninaloliona kuwa ni ujasiri uliopindukia. Daraja la Mungu, lililo juu ya Mto Kiwira wilayani Rungwe, Tanzania, limetokana na lava ya volkano.

Kuhusu hatari, ukavu wa mahali mliposimama hauthibitishi lolote, kwa kuwa mvua inayonyesha mbali, upande kijito kinakotoka, huweza kuleta mafuriko ya ghafla katika njia nyembamba isiyo na pa kukimbilia. Ndivyo walivyofariki watalii 11 katika Antelope Canyon, Arizona, Agosti 1997, na watu 7 katika korongo la Hell's Gate, Kenya, Septemba 2019. Kwa hiyo mwulizeni mwongozaji hali ya mvua huko juu, si hapo langoni tu. Mkifika chini, angalieni kuta: vijiti na majani makavu yaliyonasa kwenye nyufa juu ya vichwa vyenu vinaonyesha maji yaliwahi kufika wapi. Maji yakibadilika ghafla kuwa ya tope, au yakianza kubeba takataka, au mkisikia mvumo usiokoma, pandeni mara moja sehemu ya juu iliyo karibu. Msijaribu kushindana mbio na maji kwa kufuata kijito.

Vaeni viatu vyenye soli zinazoshika, kwa maana mawe yaliyolowa huteleza hata pale yanapoonekana safi. Picha zipigwe kutoka chini, mkiwa pembeni kidogo, wala si mkiwa mmesimama ukingoni mwa daraja.