Maswali yenu: kamera ya mtumba kwa kazi ya habari

SWALI: Habari za kazi. Naripotia redio ya jamii, sasa mhariri anataka na picha: vikao vya halmashauri, ajali, Kilimanjaro Marathon. Nina laki nane. Kuna muuzaji ana Nikon D3400 ya megapikseli 24 na lenzi yake ya 18-55. Mwingine ana D7000 ya megapikseli 16, bodi tupu, bila lenzi. Nichukue ipi?
Msomaji, Majengo, Moshi

JIBU: D7000, mradi ipite ukaguzi. Megapikseli 16 zinatosha gazeti na simu, wauzaji wasikutishe. Sensa (kile kipande kinachonasa picha) ya D3400 ni mpya zaidi, kweli, lakini haina mfumo wa kujikung'uta vumbi, na kwa vumbi letu la Januari utaijutia. Tena ina nafasi moja tu ya memori kadi. D7000 inazo mbili: ukiipanga ihifadhi kila picha kwenye zote mbili, kadi moja ikigoma, picha zipo kwenye ya pili.

Hela itakayobaki itie kwenye lenzi ya 35mm f/1.8G (f ni upana wa tundu la mwanga: namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Ile 18-55 ukiivuta hadi mwisho inaishia f/5.6, f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara 10 zaidi. Ukumbini hiyo ndiyo tofauti ya picha kali na picha iliyotikisika. Ila 35mm haivuti, kwa hiyo kwa marathoni itakubidi usogee karibu na barabara, basi.

Ukaguzi fanya mchana, ukiwa na kadi yako. Piga picha moja, ifungue kwenye kompyuta kwa ExifTool, programu inayosoma taarifa zilizofichwa ndani ya picha, uone shata (pazia linalofunguka kila unapopiga) imepiga mara ngapi. Ya D7000 ilijaribiwa hadi mara 150,000, kwa hiyo ikizidi laki moja shusha bei. Usikubali picha ya kutumiwa kwa WhatsApp, taarifa hizo hufutika njiani. Kisha weka f/16, piga ukuta mweupe fokasi ikiwa imeharibiwa makusudi. Vidoti vyeusi ni vumbi, husafishika; mstari usiohama hata baada ya kusafisha ni mkwaruzo, ondoka. Lenzi imulike kwa tochi ya simu kutokea nyuma: ukiona nyuzinyuzi ndani, ni ukungu, usinunue hata kwa bei ya bure. Mwisho, kwenye menyu ya betri kuna kipimo cha umri, 0 hadi 4. Ikiwa 4, hesabu na betri mpya.

SWALI: Kamera yangu isiyo na kioo (mirrorless), nikipiga kimyakimya ukumbini, inatoa mistari ya giza. Imeharibika?
Msomaji, Njiro, Arusha

JIBU: Nzima kabisa. Umeme wetu ni hezi 50, na taa nyingi za LED za bei poa hupepesa mara 100 kwa sekunde. Shata ya kimyakimya husoma sensa mstari kwa mstari, ndiyo maana inanasa kupepesa huko. Rudi kwenye shata ya kawaida, spidi 1/100 au 1/50. Kikao kitasikia mlio, vumilieni.