Jibu: Je, mageuko ya viumbe hayana mwongozo?

Ndugu, umeuliza jicho lingetokeaje kama mabadiliko ya jeni ni ya bahati nasibu. Hapo umechanganya mambo mawili. DNA, kemikali inayobeba jeni, hubadilika bila kuangalia kiumbe kinahitaji nini. Uteuzi asilia si bahati nasibu hata kidogo, maana anayeyamudu mazingira ndiye anayeacha wazao wengi.

Hilo la kwanza lilipimwa. Mwaka 1943 wanasayansi Luria na Delbrück walikuza bakteria katika mirija mingi iliyotengana, kisha wakamwaga bakteria wa kila mrija kwenye sahani yake yenye virusi vinavyowaua. Kama ukinzani (uwezo wa kutouawa na virusi) ungezuka kwa sababu ya kukutana na virusi, sahani zote zingekuwa na idadi inayokaribiana ya walionusurika. Wapi! Nyingi zilikuwa na wachache au hakuna kabisa, na chache zikafurika. Ina maana ukinzani ulizuka kabla ya bakteria kukutana na virusi. Ulipozuka mapema mrijani, wazao walikuwa wengi. (Sampuli zote zikitoka mrija mmoja, tofauti hiyo hupotea, na jaribio halikuambii kitu.)

Ila "bahati nasibu" haimaanishi kila sehemu ya DNA ina uwezekano sawa wa kubadilika. DNA huandikwa kwa herufi nne, A, C, G na T; kwa mamalia, pale C inapofuatwa na G hubadilika upesi zaidi. Wengi hukosea hapo.

Na kama kwa "mwongozo" unamaanisha Mungu, jaribio hilo la Luria na Delbrück halimgusi. Linapima kama mabadiliko yanafuata mahitaji ya kiumbe, basi. Anayedai maabara imethibitisha kwamba hakuna mkono nyuma ya sheria za maumbile anahubiri falsafa, si biolojia.