Mama Mkunga Anajibu: Mimba Imefika Nusu

SWALI: Shikamoo, Mama Mkunga. Mimi ni mvuvi wa dagaa na tunaishi Ujiji. Mke wangu ana mimba ya kwanza, na kliniki wamemwandikia kuwa ametimiza wiki 20, ingawa sisi tunahesabu miezi minne tu. Jirani yetu mwenye mimba ya tatu, tena changa kuliko ya kwetu, anasema mtoto wake ameshaanza kucheza, lakini mke wangu anasikia tumbo likinguruma tu. Mama yangu naye amemkataza mayai, eti mtoto atazaliwa hana nywele, na hataki apimwe altrasaundi kwa kuwa miale yake inaunguza. Katika nusu hii ya mimba tutegemee nini, na mimi nifanye nini ilhali usiku wangu unaishia ziwani?
Baba kijacho, Ujiji

JIBU: Marahaba, mwanangu. Tuanze na hesabu, maana nusu ya hofu ninazoletewa katika kipindi hiki huzaliwa hapo. Mkunga hahesabu tangu mlipojua, wala tangu mimba ilipotungwa, bali tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kwa hiyo katika wiki 2 za mwanzo za hesabu hiyo mama huwa hata hajashika mimba. Mwenye hedhi ya mwisho iliyoanza tarehe 10 Machi hufika nusu tarehe 28 Julai, na hutarajiwa kujifungua katikati ya Desemba. Miezi yenu minne na wiki 20 za kliniki, basi, havigombani.

Kuhusu kucheza, mwenye mimba ya kwanza kwa kawaida huanza kumsikia mtoto kati ya wiki ya 18 na ya 20, wengine baadaye kidogo, wakati aliyewahi kuzaa anaweza kumtambua tangu wiki ya 16 kwa sababu anajua anachokisikiliza. Mtoto wa sasa ana urefu wa sentimita 25 hivi kutoka utosini hadi kisiginoni na uzito wa gramu 300 na ushei, yaani hajafikia nusu kilo ya sukari, na teke lake la kwanza ni jambo dogo mno, kama samaki anayegusa wavu na kuondoka. Huo mngurumo anaousikia mkeo huenda ndiye mwenyewe. Pia kondo la nyuma likikaa upande wa mbele wa tumbo la uzazi, huwa kama godoro kati ya mateke na ngozi ya mama. Wiki ya 24 ikifika naye hajasikia chochote, aende kliniki bila kungoja tarehe yake, na akishazoea kumsikia kisha mtoto akapunguza kucheza, aende siku hiyohiyo.

Mpeleke kliniki wewe mwenyewe ukaone. Mkunga atampapasa kutoka mfupa wa kinena hadi kilele cha tumbo la uzazi, ambacho katika wiki ya 20 huwa usawa wa kitovu, na katika mahudhurio yajayo atapima kwa futi laini kama ya fundi cherehani, akitazamia sentimita zikaribiane na idadi ya wiki. Kisha ataegesha kitarumbeta tumboni, ainamishe sikio na kunyamaza. Mwombe akupishe nawe usikie: moyo wa mtoto hupiga mara 110 hadi 160 kwa dakika, na sijaona baba aliyetoka pale na uso uleule alioingia nao.

Altrasaundi haina miale. Inatumia mawimbi ya sauti, na Shirika la Afya Duniani linashauri kila mjamzito apimwe angalau mara moja kabla ya wiki ya 24. Hukagua viungo vya mtoto, idadi ya watoto na mahali kondo lilipokaa. Jinsia ni nyongeza tu. Mkiambiwa kondo liko chini, msikate tamaa, kwa kuwa mara nyingi hupanda kadiri tumbo la uzazi linavyokua, lakini damu ikitoka, hata kidogo, ni hospitali moja kwa moja.

Mwambie mama kwa heshima kwamba mayai yaliyoiva vizuri hayana ubaya wowote kwa mjamzito, na dagaa unaowavua mwenyewe, wakiliwa na mifupa yao, wanampa madini ya kujenga mifupa ya mtoto. Vidonge vya kuongeza damu asivimeze na chai, kwa sababu chai huzuia madini ya chuma kuingia mwilini. Malaria msiichezee: alale ndani ya chandarua kila siku, na tangu wiki ya 13 anatakiwa kumeza SP, vidonge vya kukinga malaria, kliniki, dozi zikipishana kwa mwezi mmoja au zaidi, isipokuwa kama anatumia septrini.

Wewe kazi yako ina kalenda yake. Mbalamwezi ikiwa kubwa mitumbwi hupumzika, basi mahudhurio yapangwe siku hizo. Zile za giza, mwachie nauli, namba ya dereva wa bajaji anayeamka usiku, na mtu mzima wa kumsindikiza. Kuanzia wiki ya 20 ndipo shinikizo la damu linaloleta kifafa cha mimba huweza kuanza, kwa hiyo kichwa kikimuuma sana, macho yakiona ukungu, au uso na mikono vikivimba, asisubiri mtumbwi urudi.

SWALI: Mama, nina mimba ya miezi mitano na tuko kwenye kuchuma tumbaku. Kila nikitoka shambani asubuhi nasikia kizunguzungu na kutapika. Mume wangu anasema ni mimba tu.
Mama kijacho, Urambo

JIBU: Mwanangu, kichefuchefu cha mimba kwa wengi huwa kimeshatulia kufikia nusu, kwa hiyo kinachorudi kila utokapo shambani ninakitilia shaka. Jani la tumbaku lenye umande hutoa nikotini inayopenya kwenye ngozi hadi kwenye damu, na kutoka hapo huvuka kondo na kumfikia mtoto. Acha kuchuma, kufunga majani na kuingia kwenye mabani ya kukaushia tumbaku. Wanaochuma wanawe na kubadili nguo kabla ya kukaa nawe. Kesho nenda zahanati upimwe malaria, wingi wa damu na shinikizo, kwa kuwa hayo nayo huleta kizunguzungu, na umwambie muuguzi wazi kwamba ulikuwa kwenye tumbaku.