Kaskazi na kusi: kwa nini upepo hugeuka

Ndugu, umeuliza kwa nini majahazi ya zamani yalikaa Zanzibar miezi kadhaa kabla ya kurudi Omani. Yalisubiri upepo ugeuke. Desemba hadi Machi bara la Asia limepoa, hewa yake nzito inasukumwa kuja kwetu: ndiyo kaskazi. Simama Forodhani, pwani ya mji wa Zanzibar, mwezi Januari, utaona bendera zinapepea kuelekea kusini-magharibi. Baadaye Asia hupata joto, hewa hupanda, na kusi, upepo wa kutoka kusini, huvuma kwenda kujaza nafasi. Mzunguko wa dunia huipinda hewa hiyo njiani: kusini mwa ikweta kwenda kushoto, ikishavuka kwenda kulia. Kinachonistaajabisha zaidi ni mkondo wa Somalia, yaani maji ya bahari yanayotiririka kando ya pwani ya Somalia. Maji yote yale! Wakati wa kusi hukimbilia kaskazini, kaskazi ikiingia hurudi kusini.