Maswali ya Wasomaji: ICE (maofisa wa imigresheni wa Marekani) wakibisha mlango wa deikea ya binti yangu, afanye nini?

SWALI: Habari zenu. Niko Mamboleo hapa Kisumu. Binti yangu ako Minnesota, ana deikea kwake nyumbani, anaangalia watoto wa Wakenya na Walaiberia na ameandika wasichana wawili wa kumsaidia. Yeye makaratasi yake yako sawa, wazazi wa watoto sijui. Sasa kila akipiga simu ni ICE, ICE. Wanaweza kuingia hapo wachukue mtu mbele ya watoto? Afunge kazi ama? Na sisi huku tunaweza kumsaidia aje?
Mama, Mamboleo

JIBU: Mama, pole na hizo simu. Asifunge, lakini ajipange sasa, maana kitu kilikuwa kinawakinga kimeondolewa. Tangu 2011 ICE walikuwa na mwongozo wao wenyewe wa kuepuka kukamata watu shuleni, hospitalini na makanisani, na ule wa 2021 ukataja deikea wazi kabisa. Januari 2025 serikali ya Trump ikaufuta. Na si maneno ya WhatsApp tu, Novemba 2025 huko Chicago mwalimu alikamatwa ndani ya kituo cha watoto, asubuhi. Kwa hivyo binti yako haogopi hewa.

Lakini kilichofutwa ni mwongozo wa ofisi, Katiba yao haijaguswa. Marekebisho ya Nne ya hiyo Katiba bado yako, na kwa kawaida ofisa haingii mahali pa faragha bila mwenyewe kukubali ama bila waranti ya jaji. Hapo kwa waranti ndipo watu huchanganywa, kwa sababu ICE wana karatasi zao, fomu I-200 na I-205, zinaitwa waranti pia lakini zinasainiwa na ofisa wa imigresheni, si jaji. Ya jaji ina jina la korti juu, sahihi ya jaji, anwani na tarehe. Asome kupitia dirishani ama wapitishe chini ya mlango, apige picha, atumie wakili. Jambo moja limekoroga hii habari: Januari 2026 kulifichuka memo ya ndani ya ICE inayosema I-205 inatosha kuingia nyumbani kwa mtu ambaye tayari ana amri ya mwisho ya kufukuzwa nchini. Mawakili wanaipinga vikali, lakini kwa sababu deikea yake iko nyumbani, nambari ya wakili iwe imebandikwa hapo ukutani kabla mtu hajabisha.

Kama hawana ya jaji, anasema tu "sikubali muingie", kwa upole. Wakiingia kwa nguvu asiwazuie kwa mikono, arudie hayo maneno, aandike majina na nambari za beji. Asidanganye, asifiche mtu, asichome faili, hapo ndipo mtu mwenye makaratasi safi anajitafutia kesi ya bure.

Mtu wa kuongea na ofisa awe mmoja na ajulikane. Wale wasichana wengine kazi yao ni kubaki na watoto, chumba cha ndani, wimbo, hadithi, uji kama ni saa ya uji. Mimi sipendi haya mazoezi ya kujificha ambayo wengine wanafanyisha watoto wa miaka mitatu, mtoto anaenda nyumbani analia na hakuna chochote kilichotokea. Mazoezi ni ya wakubwa. Na wasije wakafungia kila mtu nje! Inspekta wa lisensi ana haki ya kuingia saa za kazi, akifungiwa lisensi inaweza kwenda. Kwa hivyo anayebisha anaulizwa kwanza ametoka ofisi gani, aonyeshe kitambulisho.

Kwenye faili za watoto asiandike mzazi ana makaratasi gani, kama hakuna sheria inayodai hiyo habari. Kwa wafanyakazi ni tofauti, mwajiri lazima awe na fomu I-9, ile ya kuonyesha mfanyakazi anaruhusiwa kufanya kazi huko, na ICE wakileta notisi ya kuzikagua kwa kawaida anapewa siku 3 za kazi, kwa hivyo haruki kuzitoa papo hapo mlangoni.

Sasa mimi naona hofu yote imeenda mlangoni, na kitu kinaweza kumpata rahisi zaidi ni kingine kabisa: saa kumi na mbili jioni, watoto wote wamechukuliwa, mmoja amebaki, simu ya mamake haishiki kwa sababu alikamatwa akitoka kazini. Hapo waranti haikusaidii. Inayosaidia ni ile fomu ya nani anaruhusiwa kumchukua mtoto, na nyingi zina jina moja tu, tena la mume ambaye anaweza kuwa amekamatwa kwenye gari hilohilo. Aite kila mzazi, waandike watu wawili ama watatu wanaoishi karibu na wanaweza kufika hiyo jioni. Asikubali "nyanya yake ako Kisumu", nyanya kama wewe Mama anampenda mjukuu lakini ako mbali na masaa nane ama tisa mbele, na mtoto anahitaji wa kumlaza leo. Minnesota pia kuna hati ya mzazi kumpa mtu mwingine mamlaka ya mtoto kwa muda usiozidi mwaka, inamwezesha huyo mtu kumpeleka hospitali na shule. Wazazi waulize wakili juu yake.

Nyinyi huku wekeni kopi za pasipoti na vyeti vya kuzaliwa, na kwa yeyote wa familia mwenye faili ya imigresheni, ile nambari inayoanza na A. Mtu mzima akishikwa, hiyo nambari na nchi aliyozaliwa ndizo mnaingiza kwenye tovuti ya ICE ya kutafuta waliozuiliwa. Aliyeshikwa ana haki ya kuomba ubalozi wetu Washington ujulishwe. Na wajukuu waliozaliwa huko ni Wakenya kwa kuzaliwa, Katiba ya 2010 kifungu cha 14, mradi mzazi mmoja ni Mkenya, kwa hivyo waandikishwe ubalozini mapema.

SWALI: Nina kituo cha watoto Free Area, Nakuru, wazazi wengine ni Waganda na Wakongo. Hayo mambo yanatuhusu?
Mwalimu, Nakuru

JIBU: Mwalimu, sheria za Marekani hazikuhusu, lakini ile fomu ya kuchukua mtoto tengeneza leo. Sheria ya Watoto ya 2022 inaweka maslahi ya mtoto mbele, awe wa nchi gani, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inalinda habari za mtoto, kwa hivyo mtu akija kuuliza rejista muombe kitambulisho na barua ya ofisi yake kwanza. Mzazi asipotokea jioni na wale wa kwenye fomu hawapatikani, mpigie afisa wa watoto wa eneo lako, usimpe jirani eti kwa sababu anamjua.